Revolva gani na risasi zipi kwa shabaha ya kikauboi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, naishi Fort Worth, Texas, na nina grini kadi. Jirani alinipeleka kwenye mashindano ya shabaha ya kikauboi, watu na kofia zao pana na buti, nikanogewa. Sasa nataka revolva (bastola yenye silinda inayozunguka) yangu mwenyewe. Muuzaji dukani anasema nichukue inayotumia risasi za .45 Colt, eti ndiyo ya kauboi halisi. Jirani anasema .357, na yuko tayari kuniuzia revolva yake ya zamani, Ruger Vaquero. Mikono yangu ni midogo na sijawahi kumiliki silaha. Pia nimepewa boksi mbili za risasi za .38 zilizovikwa shaba. Zinafaa?

JIBU: Salama, dada. Wewe ulikwenda dukani na habari za mikono yako, muuzaji akakupa habari za makauboi. Msikilize jirani.

Kabla ya hayo yote kuna sheria. Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo analoishi, akiwa ametimiza miaka 21 na kumbukumbu zake zikikaguliwa zikaonekana safi. Walio na viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda mambo yao ni mengine: kwa kawaida wamekatazwa kumiliki silaha au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo ukifuatana na mdogo wako mwanafunzi kiwanjani, akae upande wa watazamaji, na asishike kitu mpaka aulize wakili.

Tuje kwenye mchezo. Klabu nyingi hufuata kanuni za Single Action Shooting Society, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1987. Mshindani anabeba revolva mbili, zile za kukoki kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, pamoja na bunduki ya leva (unavuta mkono ulio chini yake ili kupakia kila risasi) inayokula risasi za bastola na bunduki ya marisau. Shabaha ni mabamba makubwa ya chuma, na yale ya bastola huwekwa karibu, mara nyingi yadi 7 hadi 10. Anayeshinda ni mwenye muda mfupi zaidi, na kila bamba ulilokosa linakuongezea sekunde 5. Bamba likigongwa limegongwa. Hakuna anayepima limegongwa kwa nguvu kiasi gani.

Ndiyo maana .45 Colt haina la kukupa hapa. Risasi ya .38 Special ya mashindano haya huwa na kichwa cha greni 125 hivi (kama gramu 8), mwendo wake futi 700 na ushei kwa sekunde. Ya .45, hata ile laini, inasukuma greni 200 au 250 kwa mwendo unaokaribia huo. Teke lake utalihisi kwenye kifundo cha mkono, na likikuinua mtutu unapoteza muda wa kurudi kwenye bamba linalofuata. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: katika modeli ileile ya bastola, ya .357 huwa nzito kidogo kuliko ya .45, kwa sababu matundu yake ni membamba na chuma kilichobaki kwenye silinda na mtutu ni kingi. Uzito huo unameza teke. Risasi nyepesi kwenye bastola nzito, nini tena unataka?

Na hiyo hoja ya "kauboi halisi" haina mizizi mirefu. Ni kweli .45 Colt ilizaliwa pamoja na bastola ya Colt ya mwaka 1873, na .357 Magnum ilikuja mwaka 1935, makauboi wa enzi zile wakiwa wameshazikwa au wamezeeka. Lakini Winchester haikutengeneza bunduki ya leva ya .45 Colt zama hizo. Aliyetaka risasi ya aina moja kwa bastola na bunduki alichukua .44-40. Wanaojipanga leo mstarini na jozi ya .45 wakijiona wa asili nao wamechagua vya kuchagua. Kanuni zinakubali .357 na .38, basi.

Nunua bastola iliyoandikwa .357 Magnum, halafu ilishe .38 Special. Ganda la .38 ni fupi kwa milimita tatu na nusu hivi, na linaingia bila shida. Kinyume chake hakiwezekani: .357 haiingii kwenye bastola ya .38, na usijaribu kuilazimisha. Gharama ya ufupi huo ni pete ya masizi inayojijenga ndani ya matundu ya silinda, mbele ya pale ganda linapoishia. Isugue kwa brashi kila ukitoka kiwanjani, la sivyo siku utakayotaka kuweka risasi ndefu zitakwama. Na kabla hujanunua risasi kwa wingi, zijaribu kwenye bunduki ya leva utakayotumia. Nakala za Winchester 1873 zinachagua urefu wa risasi. Fupi mno zinaweza kukwama njiani wakati saa inakimbia.

Kuhusu mikono midogo, usiamue kwa picha. Dukani, muuzaji akishakuhakikishia kuwa ni tupu, na wewe ukahakikisha tena kwa macho yako, ishike kama unavyotaka kufyatua, kisha koki. Kidole gumba kikifika kwenye nyundo bila kiganja kuhama kwenye kitako, inakufaa. Ukilazimika kuizungusha mkononi kila mara, iache. Ruger New Vaquero, iliyotoka mwaka 2005, ni ndogo kuliko Vaquero ya kwanza ya mwaka 1993, na umbo lake liko karibu na la Colt ya zamani. Nakala za Colt hiyo zinazotengenezwa na Uberti na Pietta, mkoa wa Brescia, Italia, zinashikika vizuri pia, ila nyingi zina springi bapa za mtindo wa zamani, na hizo huvunjika. Za Ruger ni za kujiviringisha, zinavumilia. Kwa mtu anayeanza mimi huelekeza Ruger. Mtutu chukua wa inchi 4⅝ au 5½; ule wa inchi 7½ unapendeza kwenye picha na unachelewa kutoka kwenye mkoba.

Boksi zako mbili za shaba weka kando, zisikanyage kiwanja cha kikauboi. Kanuni zinataka kichwa cha madini ya risasi bila koti la metali, kwa sababu za kimaumbile: kwenye bamba la chuma lililo yadi 7 kutoka kwako risasi laini husambaratika, lakini vipande vya koti vinaweza kukurudia usoni. Miwani ya kinga ni lazima, hata kwa watazamaji. Mwendo kwenye bastola usifike futi 1,000 kwa sekunde, na kwenye bunduki ya leva futi 1,400. Kuna na kikomo cha chini: zidisha greni kwa mwendo, gawanya kwa 1,000, upate angalau 60. Greni 125 kwa futi 700 inakupa 87.5, umevuka vizuri. Ncha iwe bapa. Kwenye bomba la bunduki ya leva risasi zinafuatana, kichwa cha hii kwenye fataki ya ile (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda), na ncha kali inaweza kuilipua.

Usipokee risasi zilizojazwa nyumbani na mtu usiyemjua, hasa za .45. Ganda lake kubwa lilibuniwa kwa baruti nyeusi. Baruti ya kisasa inachukua nafasi ndogo tu, na aliyejaza mara mbili kwa bahati mbaya anaweza asigundue, maana haimwagiki. Bastola inayopasuka haimwombi mtu radhi.

Jaza risasi tano, si sita, nyundo ilale juu ya tundu tupu. Ruger ina kizuizi cha ndani kinachoikinga bastola isifyatuke ikianguka, lakini kanuni haibagui modeli.

Hiyo ya jirani, thibitisha kwanza imeandikwa .357. Kwa kuwa ni ya umbo kubwa, ijaribu mkononi kama nilivyoeleza. Ikiwa tupu, ikoki polepole, tundu baada ya tundu, uangalie kama silinda inajifunga yenyewe nyundo inapofika mwisho. Kisha itikise silinda kwa vidole: mtikisiko kidogo ni kawaida, kucheza ovyo si kawaida. Angalia skrubu kama vichwa vyake vimechubuliwa, dalili ya fundi wa jikoni, na muulize kama springi ya nyundo imebadilishwa. Wachezaji wengi huilegeza ili kukoki kuwe rahisi. Ikilegezwa mno haigongi fataki sawasawa. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, nendeni naye kiwanjani upige boksi moja ya .38 zenye kichwa cha madini ya risasi, bila koti.