Kwa nini mtoto anachelewa kupimwa VVU
Ndugu, umeuliza kwa nini mama anayejua kuwa ana VVU bado anachelewa kumpeleka mtoto kupimwa. Mara nyingi si uzembe. Anaogopa mume au mama mkwe atahoji safari hizo za kliniki, siri itoke. Tena mtoto hapimwi kwa kipimo cha haraka cha wakubwa, kwa sababu kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani chembe za kinga dhidi ya VVU, na zile za mama huweza kubaki mwilini mwa mtoto hadi miezi 18. Anahitaji PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta virusi vyenyewe, akiwa na wiki 4 hadi 6. Damu hukaushwa kwenye karatasi, hupelekwa maabara ya mbali, majibu yakichelewa wengine hawarudi kabisa. Hapo ndipo ninapoumia, maana bila dawa karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2.