Kubana au Kuachia: Jibu kwa Anayetaka Kufika Meza ya Mwisho

Msomaji mmoja ameniandikia akitaka jibu moja tu: kwenye mashindano ya poka, abane, yaani acheze karata nzuri tu, au aachie, acheze nyingi na kushambulia? Anasema amechoka kutolewa na chipu kiduchu baada ya kungoja karata nzuri zisizokuja. Namjibu hadharani kwa sababu hayuko peke yake, na kwa sababu juzi nimemaliza wa pili kwenye shindano ambalo hadi leo linanichoma.

Nianze na hesabu. Wanaobana sana hungoja jozi ya ree, ya wafalme, ya malkia, au ree na mfalme. Ukizijumlisha zote, huja kwa wastani mara moja katika mikono 39, yaani kugawiwa karata mara 39. Sasa kaa meza ya watu tisa ukiwa na chipu za blaindi kubwa 10 tu; blaindi ni dau la lazima ambalo wachezaji wawili hulitoa kwa zamu kila mkono. Kila mzunguko unalipa blaindi kubwa moja, blaindi ndogo ambayo ni nusu yake, na anti, mchango mwingine wa lazima, yenye thamani ya blaindi kubwa nyingine. Jumla mbili na nusu. Mizunguko minne, mikono 36, chipu zimekwisha na hujacheza chochote. Huo si uvumilivu, ni kufa polepole.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "mimi mtindo wangu ni kubana". Dan Harrington, bingwa wa shindano kuu la World Series of Poker mwaka 1995, alisifika kwa kubana. Stu Ungar alilichukua mwaka 1980, 1981 na 1997 kwa kushambulia bila kupumzika. Wote wawili walijua lini pa kuingia.

Mimi mwanzoni nabana. Kila mtu akiwa na blaindi kubwa 100 na anti hazijaanza, cha kuiba mezani ni blaindi moja na nusu tu, kwa hiyo mfalme na ghulamu nikiwa wa kwanza kuongea nazitupa. Saa hizo sina la kusimulia. Anti zikiingia, naanza kufungua, yaani kupandisha dau wa kwanza. Na akibaki mtu mmoja tu wa kutoka kabla ya zawadi kuanza, hapo naachia kabisa, mradi rundo langu linawatisha wanaonifuata.

Juzi ilikuwa hivyo hivyo. Blaindi 1,000 na 2,000, anti 2,000, kwa hiyo 5,000 ziko katikati. Niko kwenye kitufe, nafasi ya mgawaji, na saba na sita za shupaza; wote wametupa mpaka kwangu, wamebaki wenye blaindi tu. Nikapandisha hadi 4,400. Dau hilo linajilipa wakitupa karibu nusu ya mara tu, na usiku ule walikuwa wakitupa zaidi ya hapo. Blaindi ndogo akatupa. Blaindi kubwa, mwenye 32,000, akahesabu chipu zake mara mbili, akamtazama aliyekuwa na chipu chache meza ya jirani, kisha akafunua jozi ya kumi, akazitupa. Alizionyesha kwa fahari!

Baadaye bwana huyo huyo akawaambia wenzake kwamba mimi karata zilinipenda. Karata gani? Saba na sita? Nilikaa saa nyingi nikisoma nani anaogopa na nani haogopi, halafu kazi yote ile inaitwa bahati. Imeniuma, sifichi.

Lakini wewe unayesoma, usinielewe vibaya. Kuachia ni kwenye kupandisha, si kwenye kufuata, yaani kulipa dau la mwenzako. Anayepandisha hushinda kwa njia mbili, wenzake wakitupa au karata yake ikisimama. Anayefuata anategemea karata peke yake. Karibu na zawadi, kufuata kwa chipu zote kunakugharimu zaidi ya unavyodhani: ukizidisha rundo lako mara mbili thamani yake haifiki mara mbili, ila ukilipoteza unatoka mikono mitupu. Pandisha kwa wingi, fuata kwa uchache. Nimelisema na nitaendelea kulisema.

Kwa hiyo, kabla hujainua karata zako, tazama marundo ya wawili walio kushoto kwako. Mwenye blaindi kubwa tano au sita usimwibie na karata mbovu, hana cha kulinda, atamwaga zote. Mwenye chipu nyingi kuliko wewe mwepuke. Aliye katikati, mwenye 15 hadi 25 na macho kwenye orodha ya zawadi, huyo mpandishie kila anapokupa nafasi, mpaka siku atakayokujibu.