Kumfundisha mtoto wa nasari kuchora twiga

Mwalimu wa Masindi, pole na kazi. Umeuliza ufanyeje na watoto wa miaka minne na mitano wanaotaka kuchora twiga, kisha wanalia kwamba wao hawajui.

Kwanza, usiwachoree twiga wako ubaoni. Ukimchora vizuri, wote watajaribu kumwiga na kukata tamaa. Bandika picha ya twiga halisi, kisha waulize: shingo na miguu, kipi kirefu? Watabishana, maana vinakaribiana. Mgongo je? Unateremka kuelekea mkiani. Mtoto akishaliona hilo, mkono wake utalifuata.

Waanze na kiwiliwili, kifupi kama kiazi kitamu, tena katikati ya karatasi. Wakianza na kichwa, shingo hukosa nafasi. Karatasi isimame wima. Kama hakuna karatasi, uwanja na kijiti vinatosha, na mimi naona ni bora zaidi: kosa hufutwa kwa kiganja, na mkono mzima unatembea.

Madoa yaje mwisho. Hapo kuna jambo tamu kwa watoto wa huko kwenu: twiga wa Murchison, ile hifadhi ya wanyama ya Uganda iliyo jirani na Masindi, hawana madoa chini ya magoti, miguu yao ni myeupe kama wamevaa soksi. Waambie walitafute hilo pichani wenyewe.

Akichora miguu sita, mwache. Muulize tu twiga wake anakwenda wapi. Na tafadhali, kazi za namna hii usizipe alama.