Eti bakteria wanajenga jiwe?

SWALI: Mhariri, nimeona picha ya jiwe limekatwa katikati, ndani lina mistari mistari kama daftari lililolowa likakauka. Chini wameandika stromatoliti, eti bakteria walilijenga miaka bilioni tatu na kitu iliyopita. Kidudu kisichoonekana kwa macho kinajengaje jiwe? Na nani alikuwepo akaona?

JIBU: Hakuna aliyekuwepo ndugu, ila mafundi wa aina hiyo wapo kazini mpaka leo. Nenda Hamelin Pool, ndani ya Shark Bay, magharibi mwa Australia, maji ya pale yana chumvi kama mara mbili ya bahari ya kawaida kwa hiyo konokono na wengine wa kuwatafuna bakteria ni wachache. Bakteria wenyewe wanaishi wamebanana kama mkeka laini wenye ute, mchanga ukipita unanasa kwenye ute, halafu wakitumia mwanga wa jua wanavuta kaboni dioksaidi kwenye maji na chokaa iliyoyeyuka inaganda hapo hapo. Wakishafunikwa wanapanda juu kutafuta mwanga, wanaanza mkeka mwingine, na mwingine tena. Kwa mwaka haifiki hata nusu milimita! Jiwe la kukufika gotini ni kazi ya miaka zaidi ya elfu moja.

Sasa la kujuaje. Matope yakitulia yenyewe hujaza mashimo na kusawazisha, si ndio? Lakini huko huko Australia, Strelley Pool, kuna mawe ya miaka kama bilioni 3.4 ambayo matabaka yake yamesimama kama pia zilizogeuzwa, ncha juu, tena mengine ni manene zaidi pale kwenye ncha. Matope peke yake hayapandi mlima, mimi hilo ndilo lililonishawishi.

Ila usimeze kila picha. Mwaka 2016 watafiti walitangaza stromatoliti za Greenland, miaka bilioni 3.7, watu wakashangilia weee, 2018 wenzao wakaenda kuyaangalia yale mawe pande zote wakasema hizo ni kunjo tu, mwamba ulibanwa na kuvutwa chini ya ardhi ukajipinda. Wa kwanza hawakukubali. Kwa hiyo angalia tena pale chini ya picha yako wameandika jiwe limetoka wapi.