Maswali ya Wasomaji: Kunakili Sura kwa Rangi za Mafuta

SWALI: Mhariri, ninajifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta bila mwalimu, katika chumba ninachoishi mtaani Umoja, Nairobi. Huwa ninanakili kazi za uhalisia kutoka kwenye simu, lakini kila nikifika kwenye ngozi nyeusi, upande wa kivuli hugeuka kijivu kama saruji. Je, kunakili kunanisaidia, na nichague kazi gani?
Msomaji, Umoja

JIBU: Kunakili kunasaidia, mradi uiendee picha ukiwa na swali moja unalotaka ikujibu, kwa maana anayehangaikia kufananisha kila kitu huishia kujua picha hiyo moja tu. Kwa swali lako, ningechagua picha ya Juan de Pareja, ambayo Velázquez, mchoraji wa Uhispania, aliichora Roma mwaka 1650 na ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan Museum of Art, New York. Pareja, aliyekuwa na asili ya Kiafrika, alikuwa mtumwa wa Velázquez. Hati ya kumwachilia huru ilitiwa saini mwaka huohuo, na baadaye akawa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Palomino, aliyeandika maisha ya Velázquez, anaeleza kwamba picha hiyo ilikuwa zoezi kabla ya kumchora Papa Innocent X, kwa hiyo utakuwa unajizoeza kwa kazi ambayo nayo ilianza kama mazoezi.

Jumba hilo linaruhusu picha hiyo kupakuliwa bila malipo. Ichapishe kwenye karatasi nzuri, kwa sababu kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe na hukudanganya hasa penye giza. Picha halisi ina urefu wa sentimita 81 hivi na upana wa 70. Wewe chukua kichwa na kola tu.

Ukijivu unaoulalamikia, kwa kawaida, hutokana na kutia nyeusi penye kivuli na kisha kuirekebisha kwa nyeupe. Weka nyeupe mbali na vivuli kabisa. Anza na rangi ya udongo iitwayo amba, uipunguze kwa tapentaini, uchore kichwa chote kwa kahawia hiyo moja, na penye mwanga ufute kwa kitambaa hadi turubai ionekane. Amba hukauka haraka kuliko rangi nyingi. Juu yake, acha vivuli vibaki vyepesi na vyenye joto kwa amba na siena iliyochomwa (rangi ya udongo ya kahawia-nyekundu), kisha ujenge mwanga wa paji la uso na pua kwa rangi nzito yenye oka (manjano ya udongo), nyekundu kidogo na nyeupe kwa uchache. Hakikisha tabaka la juu lina mafuta zaidi ya lile la chini, la sivyo litapasuka. Kila mara fumba macho nusu, ulinganishe paji la uso na kola: mwanga mkali kabisa wa ngozi bado ni hafifu kuliko weupe wa kola, na wengi hukosea hapo kuliko katika kuchanganya rangi.

Vitabu vya Ulaya vitakuambia ukae kwenye dirisha la kaskazini. Ushauri huo haufai Nairobi mwaka mzima, kwa kuwa tuko karibu na ikweta: kuanzia Machi hadi Septemba jua hupitia upande wa kaskazini, na wakati huo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga uliotulia, miezi mingine, geuza.

Nakala ikikamilika, andika nyuma yake kwamba ni nakala na umtaje Velázquez. Kisha, kabla mkono haujasahau, jichore mwenyewe ukijitazama kwenye kioo, kwa rangi zilezile.

Kwa kuwa unalala humohumo, fungua dirisha unapotumia tapentaini, na usirundike vitambaa vyenye mafuta ya kitani, maana vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au uviloweshe kwenye mkebe wa maji wenye kifuniko.