Kipengele cha 9 kisomwe kabla mshiriki hajaondoka

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuhakiki madodoso ya Kihispania kama PHQ-9, dodoso la vipengele tisa la kupima sonona, nimewaona tena mkikimbilia alfa ya Cronbach, namba ya kupimia uthabiti wa dodoso. Data haijasafishwa, mtu keshapata 0.89 na anataka kuandika ripoti. Tulieni kwanza.

1. Alfa kubwa inaonyesha kwamba maswali yanakwenda pamoja, basi. Mgonjwa aliyelazwa halali vizuri, hali vizuri, amechoka: PHQ-9 itampandishia alama hata kama hana sonona. Ndiyo maana PHQ, dodoso mama la PHQ-9, ilipohakikiwa Hispania kwa wagonjwa 1,003 waliolazwa, utafiti uliochapishwa 2001, majibu yao yalilinganishwa na mahojiano ya wataalamu wa afya ya akili.

2. Ukomo wa alama 10, yaani kuanzia hapo sonona inashukiwa, ulitokana na wagonjwa wa Marekani. Wenu utafuteni kwenye data yenu.

3. Hapa naomba mnisikilize. Kipengele cha 9 kinauliza kama ndani ya wiki mbili mtu amewaza kwamba heri afe, au ajidhuru. Katika mradi mmoja mama alitia alama kwenye “varios días” (siku kadhaa, yaani alama 1), akakunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akashukuriwa, akaenda zake. Bahasha ikakaa kabatini. Siku ya kuingiza data karani akaandika 1, akahamia safu inayofuata. Jumla yake ilikuwa 6, chini ya ukomo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka hadi tulipokagua kipengele kimoja kimoja. Tukampigia simu, akapokea mwenyewe. Alisema alidhani tumelisoma jibu lake siku ileile tukaona si kitu.

Haiwezekani tumuulize mtu swali kama hilo halafu jibu lake lilale kabatini! Karatasi ifunguliwe mshiriki akiwa bado kitini. Jibu lolote zaidi ya 0, mketi naye faragha, mumuulize kwa upole, na mwanasaikolojia wa zamu aitwe. Kwa walioko Hispania, namba ya simu 024, ya kuwasaidia wenye mawazo ya kujiua, ipo tangu Mei 2022. Mpeni, lakini isiwe badala ya kuketi naye. Fomu ya ridhaa nayo iseme wazi kwamba usiri una mpaka.

4. Asiyesoma vizuri asomewe, mumewe au mwanawe akiwa nje.

5. Kipengele cha 9 kikiachwa wazi, msijaze 0 wala wastani. Mwonyesheni swali hilo kabla hajainuka, na akikataa kulijibu, muulizeni anaendeleaje.