Kompyuta Imeungua, Nyimbo za Baba Zimebaki kwenye Simu

SWALI: Mhariri, mwaka 2015 nilizinakili kanda za marehemu baba, nyingi zikiwa za taarab na benga, nikaziingiza kwenye kompyuta kwa programu ya iTunes, kisha nikazihamishia kwenye simu yangu ya iPhone. Kanda zenyewe zilipotea tulipohama kutoka Umoja kwenda Kasarani. Mwezi uliopita umeme ulikatika, na uliporudi kompyuta haikuwaka tena. Fundi mmoja wa mjini ameniambia kwamba bodi imeungua, akanishauri ninunue kompyuta nyingine na kuiunganisha na simu, nazo nyimbo zote 2,300 zitarudi zenyewe. Je, ni kweli? Hata hivyo sina hofu kubwa, kwa kuwa simu hujihifadhi kwenye iCloud kila usiku. – Msomaji, Kasarani.

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiiunganishe simu hiyo na kompyuta yoyote kabla ya kusoma jibu hili hadi mwisho. Fundi wako ni sahihi kuhusu bodi, pengine, lakini kuhusu nyimbo amekosea, na kosa lake laweza kukugharimu mkusanyiko mzima. Programu ya iTunes iliundwa kupeleka muziki upande mmoja tu, yaani kutoka kompyuta kwenda kwenye simu, na simu hukubali kusawazishwa (yaani kufanywa iwe na nyimbo zile zile zilizo kwenye kompyuta) na maktaba moja pekee, yaani mkusanyiko wa nyimbo wa iTunes wa kompyuta moja. Ukiagiza muziki usawazishwe na kompyuta ngeni, utaulizwa kama unataka kufuta nyimbo zilizomo na kuweka zile za maktaba mpya. Maktaba mpya haina kitu. Ukikubali, na wengi hukubali wakidhani ni utaratibu wa kawaida tu, simu nayo itabaki bila wimbo hata mmoja. Kwenye kompyuta za Mac kazi hii ilihamishiwa Finder, programu ya kufungulia mafaili, mwaka 2019, lakini kanuni haikubadilika.

Kuhusu iCloud, nasikitika kukuondolea faraja uliyokuwa nayo. Nakala ile huhifadhi mipangilio ya simu, data za programu na mambo mengine kadhaa, ila haihifadhi nyimbo ulizoziingiza mwenyewe kutoka kwenye kompyuta. Nyimbo zilizonunuliwa kwenye duka la Apple huweza kupakuliwa upya kwa akaunti ile ile iliyozinunua, lakini kanda za baba hazikununuliwa huko.

Hata hivyo, ningeanza na ile kompyuta iliyokufa, si simu. Bodi kuungua si sawa na diski kuungua, na huenda faili zako zimekaa salama mahali zilipokuwa. Ikiwa diski ni ya kuchomolewa, mwombe fundi aitoe, kisha ununue kasha la diski lenye waya wa USB. Maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue huyauza, nawe uende na diski yenyewe mkononi ili upewe kasha linaloitosha. Ukiiunganisha na kompyuta nyingine, fungua folda ya Music, ndani yake iTunes, kisha iTunes Media, unakili kila kitu. Mambo mawili yanaweza kukukwamisha. Kwanza, ikiwa Windows ilikuwa imeifunga diski kwa BitLocker, kinga yake ya kuzuia wengine wasisome data, utatakiwa kuingiza ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Pili, ukisikia diski ikigongagonga, ichomoe mara moja na usimruhusu mtu yeyote ajaribu tena na tena, kwa sababu kila jaribio laweza kuikwaruza zaidi. Hiyo tayari ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data.

Kuna sababu nyingine ya kuipendelea diski. Programu ya iTunes ina chaguo la kupunguza ukubwa wa nyimbo wakati wa kuzipeleka kwenye simu, hadi kilobiti 128 kwa sekunde, na huenda uliliweka ili kuokoa nafasi. Wimbo wa kiwango hicho huchukua takriban megabaiti moja kwa kila dakika. Kanda ya zamani yenye mvumo wake haistahili kupunguziwa tena ubora wa sauti.

Diski ikishindikana kabisa, hapo ndipo simu itakapotumika, kwa tahadhari. Kwenye kompyuta mpya, kabla ya kuunganisha waya, fungua mapendeleo ya iTunes, nenda sehemu ya vifaa, uweke alama ya kuzuia usawazishaji wa moja kwa moja. Usishangae Windows ikikuonyesha picha tu ndani ya simu: nyimbo zimo kwenye folda zilizofichwa, kila faili ikiwa imepewa jina la herufi nne lisilo na maana kwa binadamu. Ndiyo maana utahitaji programu ya kuzitoa, kwa mfano iMazing, ambayo husoma orodha ya simu na kurudisha majina ya nyimbo na waimbaji. Ni ya kulipia, na toleo la majaribio lina kikomo. Simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Kubali na uingize nywila yako. Programu yoyote ikikuelekeza kusawazisha muziki, kataa.

Nyimbo 2,300 za kiwango cha kawaida hazizidi sana gigabaiti 10 hadi 20, kwa hiyo nunua diski ya nje au flashi mbili, uweke nakala moja kwako na nyingine kwa ndugu yako anayeishi nyumba nyingine. Kabla ya kuigusa simu tena, fungua nyimbo kadhaa kutoka kila folda na uzisikilize mpaka mwisho, kwa kuwa faili iliyokatika katikati huonekana nzima kwenye orodha.